Ubaya wa Kukalifisha Watu kwa Mambo Madogo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo chake, na akaifanya dini yake kuwa nyepesi kwa waja wake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Leo tunakusudia kueleza habari ya maradhi ya tabia ambayo aghalabu huwashika watu wema, kwa kuwa huja yamevaa nguo za uchaji Mungu. Maradhi yenyewe ni kukaza mno katika mambo madogo: kuchunguza pasipotakiwa uchunguzi, kudai kisichodaiwa, na kulisimamisha jambo kubwa kwa ajili ya kijambo. Mtu akijifanyia hivyo nafsi yake, tunasema ameingiwa na wasiwasi. Akiwafanyia wenzake, tunasema amewakalifisha, yaani amewatwika mzigo ambao Mola wao hakuwatwika. Amepokea Imam Muslim katika hadithi zake kwamba Mtume (S.A.W.) aliwataja watu wenye kupindukia mipaka katika kuchimbua mambo, akasema kuwa wameangamia, akalikariri neno hilo mara tatu. Jambo ambalo Mtume amelikariri mara tatu halifai kupitwa hivi hivi.

Wazee wetu nao waliliona hilo katika maisha ya kila siku. Walisema mchagua jembe si mkulima. Sisi tunaoishi huku Rondo tunaijua maana yake bila ya kufasiriwa, kwa sababu mvua haimngoji mtu anayepima mpini. Vile vile walisema mchagua nazi hupata koroma. Huyu amekagua, amegonga, amezirudisha zilizo nzuri kwa kasoro za kuwaza, na mwisho amekwenda nyumbani na ile ambayo haijakomaa.

Mfano mkubwa wa maradhi haya umo katika Qurani Tukufu, Sura ya pili, kuanzia aya ya 67 hadi ya 71, na kwa mfano huo sura nzima ikapewa jina la Ng'ombe. Wana wa Israili waliamrishwa kwa ulimi wa Nabii Musa (A.S.) wachinje ng'ombe. Amri ilikuwa nyepesi, na wafasiri wengi wanaeleza kuwa ng'ombe ye yote wangalimchinja angaliwatosheleza. Lakini hawakuinuka. Waliuliza kwanza ni ng'ombe wa umri gani, wakajibiwa kuwa si mzee wala si ndama. Wakauliza rangi yake, wakajibiwa kuwa ni wa rangi ya manjano iliyokoza, yenye kupendeza macho ya watazamao. Wakarudi tena wakasema kuwa ng'ombe wamewatatiza, wanataka kuelezwa zaidi. Wakajibiwa kuwa ni ng'ombe asiyetumikishwa kulima wala kumwagilia mashamba, asiye na ila wala doa. Kila swali liliwafungia mlango mmoja, na hatimaye walimchinja baada ya kukaribia kutomchinja kabisa.

Ndugu Waislamu, tulitazame vizuri kosa la watu wale. Kuuliza si kosa, kwani tumeamrishwa tuwaulize wenye elimu iwapo hatujui. Kosa lao ni kuwa swali lilikaa mahali pa kitendo. Walidhani wanaitafuta haki ya amri, kumbe walikuwa wanaikimbia.

Hapana budi tuweke mpaka hapa, asije mtu akatoka na maneno yetu akayafanya kisingizio cha uzembe. Hatusemi kuwa mambo madogo hayana maana. Katika Msitu wa Rondo huu huu mna komba mdogo sana, ambaye uzito wake ni kiasi cha gramu 60 tu, na ambaye wataalamu wa ulimwengu wanamwita kwa jina la Rondo. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa ni mmoja wa komba wengine wadogo. Ni katika miaka ya 1990 ndipo wataalamu walipousikiliza kwa makini mlio wake wa usiku, na kuutazama mkia wake uliotimka manyoya kama brashi ya kuoshea chupa, wakatambua kuwa ni aina ya pekee, nayo imo katika hatari ya kutoweka kwa sababu misitu ya pwani inakatwa. Mlio ni kitu kidogo, na manyoya ya mkia ni kitu kidogo. Lakini lau visingaliangaliwa, kiumbe huyu wa Mungu angaliweza kumalizika pasiwe na mtu anayejua kuwa alikuwapo.

Basi kuna udogo unaobeba jambo zima, na kuna udogo usiobeba kitu isipokuwa fahari ya mwenye kuuona. Swali la leo ni hili: tutaupambanuaje huu na ule? Jawabu letu ni kwamba atazamwe mtu anayelipa gharama. Uangalifu ambao gharama yake unailipa wewe, na faida yake inamfikia mwenzako, huo ni uaminifu. Ukali ambao raha yake unaipata wewe, na taabu yake inamwangukia mwenzako, huo ni ukalifishaji, hata ukiitwa kwa jina la dini. Tutatoa mifano minne iliyo karibu nasi.

Mfano wa kwanza ni wa maji. Nyanda za juu za pwani ya kusini, kama Makonde na ndugu yake Rondo, zina udongo wa kichanga ambao huinywa mvua upesi, na maji hupatikana zaidi chini, katika miteremko na mabonde. Vizazi na vizazi vya akina mama vimeshuka na kupanda na maji kichwani. Visima na mabomba vimeipunguza taabu hiyo mahali pengi, lakini kila mwenyeji anajua kuwa ndoo ya maji si kitu cha kuchezewa. Sasa mfikirieni mtu anayetawadha. Anaosha mkono mara tatu, anaona shaka, anaosha tena. Anapaka maji kichwani, anasema huenda hayakufika. Anamaliza, kisha anaanza upya kwa kuwa hana hakika kama alitia nia. Ndoo imekwisha, na huku yeye anajiona kuwa ni mtu wa twahara kuliko wenzake.

Imepokewa kwa Anas bin Malik katika hadithi sahihi kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kipimo kisichozidi robo tatu ya lita. Kwa hesabu hiyo, ndoo yetu ya lita 20 yatosha udhu wa watu zaidi ya 25. Anayeimaliza peke yake hakuzidi katika suna. Ameiacha suna, na juu ya hayo amemrudisha mtu bondeni. Kama ni mama yake au mkewe aliyeyateka maji yale, basi udhu wake ameufanya kwa shingo ya mwingine.

Dawa ya jambo hili imo katika kanuni ambayo wanavyuoni wa fikihi wote wameikubali, kuwa yakini haiondolewi na shaka. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya mtu anayehisi katika Sala kuwa huenda udhu wake umetenguka, akafundisha kuwa mtu huyo asitoke mpaka apate dalili iliyo wazi, kwa kusikia au kwa kunusa. Naye Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika kitabu cha twahara cha Ihya kuwa watu wa zamani za mwanzo walikuwa wepesi katika usafi wa nje na wakali katika usafi wa moyo. Akataja kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alitawadha kwa maji yaliyokuwa katika chombo cha mwanamke wa Kikristo. Umar hakuuliza chombo kilikuwa wapi jana wala nani alikigusa. Maji yalikuwa safi mbele ya macho yake, na hilo lilimtosha.

Mfano wa pili ni wa Kibla. Mwenyezi Mungu ametujaalia neema ambayo wengi wetu hatujaitambua. Al-Kaaba na pwani yetu ziko karibu katika mstari mmoja wa ramani unaotoka kusini kwenda kaskazini. Kwa hiyo mtu wa Kilwa, wa Lindi au wa Rondo akielekea kaskazini ameielekea Makka, na tofauti iliyopo haifiki hata digrii mbili. Mkulima asiye na chombo cho chote akisimama na mawio ya jua mkono wake wa kulia na machweo mkono wa kushoto, amekwisha kukaribia. Waislamu wa Marekani ya Kaskazini hawakupata wepesi huo. Huko wamejadiliana kwa miaka mingi kama waelekee kaskazini-mashariki, kwa kufuata njia fupi juu ya mviringo wa dunia, au kusini-mashariki kama ramani ya bapa inavyoonyesha.

Lakini juu ya neema hiyo, wako watu ambao wakiingia msikitini jambo la kwanza wanalolifanya ni kutoa dira au simu na kuwaambia wazee kuwa safu yao imepotoka. Hebu tufanye hesabu. Kutoka Rondo mpaka Makka kwa mstari ulionyoka ni kama kilomita 3,500. Katika umbali huo, kupotoka kwa digrii moja tu ni sawa na kuikosa Makka kwa kilomita zipatazo 60. Ni nani kati yetu awezaye kuyasimamisha mabega yake bila ya kukosea digrii moja? Akivuta pumzi amekwisha kusogea. Tena sindano ya dira haielekei kaskazini ya kweli sawasawa. Katika pwani yetu hupotoka digrii chache kuelekea magharibi, na ikiwa karibu na chuma au bati huweza kupotoka zaidi. Basi anayewakosoa wazee kwa chombo hicho bila ya kukisahihisha, huenda yeye ndiye aliyepotoka zaidi kuliko wao.

Lau sharti lingalikuwa kuilenga Al-Kaaba kama mwindaji anavyolenga shabaha, basi Sala ingalikuwa haiwezekani kwa mtu ye yote aliye mbali. Aliye mbali na Makka ametakiwa kujitahidi kwa alama alizo nazo, wala hakutakiwa asichokiweza. Tuwakumbuke watu wa Msikiti wa Quba. Walikuwa ndani ya Sala, wameelekea Baitul Muqaddas, akawajia mtu na habari kuwa Kibla kimegeuzwa kwenda Makka. Waligeuka pale pale, upande kinyume cha ule waliokuwa wakiuelekea, wakaendelea na Sala yao. Hawakuikata ili kujadiliana juu ya rakaa zilizopita. Walitii, na utiifu ulikuwa ndio Kibla cha mioyo yao.

Hatukatazi msikiti mpya kupimwa kwa uangalifu kabla ya kuchimbwa msingi. Hilo ni wajibu, na wakati wake ni huo. Tunalolikataza ni kuwatia watu mashaka juu ya Sala walizokwisha sali miaka 40, kwa upana wa vidole viwili.

Mfano wa tatu ni wa ndimi za watu. Kiarabu si lugha ya mama kwa watu wa Rondo. Yako matamshi ambayo ulimi uliolelewa kwa Kimwera au Kimakonde hauyapati ila kwa mazoezi ya utotoni. Yuko mzee aliyesilimu ukubwani, amejifunza Alhamdu kwa shida, kwa kusikiliza na kukariri usiku baada ya kazi za shamba. Anasimama na wenzake, anasoma. Halafu kijana mmoja aliyesoma miaka miwili mjini anacheka, au anamkatiza mbele ya watu na kumwambia kuwa Sala yake ni batili. Ijumaa inayofuata mzee haonekani. Kijana anadhani ameilinda Qurani, na huku amemfukuza msomaji wake.

Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alibashiri kuwa asomaye Qurani kwa kutatizika, hali ya kuwa inamwia ngumu, ana ujira mara mbili. Ujira wa pili ni wa ile taabu. Basi vipi tumcheke mtu ambaye Mola wake amemwongezea? Kufundisha matamshi ni jambo tukufu, lakini kuna namna yake. Bedui mmoja alipokojoa ndani ya Msikiti wa Madina na masahaba wakataka kumkaripia, Mtume (S.A.W.) aliwazuia mpaka amalize, akaamuru imiminwe ndoo ya maji mahali pale, kisha akamwelekeza kwa upole. Uchafu ulikuwa wa kweli, haukuwa wa wasiwasi. Na juu ya hivyo dawa yake ilikuwa ni ndoo moja na maneno mazuri. Sisi tuna kosa dogo zaidi ya lile, na tunalitibu kwa ukali mkubwa zaidi.

Jambo dogo likishikwa kwa ukali na pande mbili huweza kuigawa jamii nzima. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika nchi ya kaskazini ya Msumbiji, Waislamu wa karne ya 20 waligombana kwa miaka mingi juu ya jeneza: je, lisindikizwe kwa kimya au kwa dhikri ya sauti? Waliochagua kimya waliitwa watu wa sukuti. Pande zote mbili zilimsalia maiti Sala ile ile, zikamzika katika udongo ule ule na kumwelekeza Kibla kile kile. Lakini waliokuwa wakibeba jeneza bega kwa bega walitengana. Kila upande ulikuwa na hoja zake, nasi hatusimami leo kuzihukumu. Tunauliza tu gharama ililipwa na nani. Ililipwa na wafiwa, ambao siku ya msiba walihitaji majirani na badala yake wakapata mabishano.

Mfano wa nne ni wa biashara, na hapa ndipo unapoonekana ule uangalifu unaotakiwa. Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara inaishi kwa korosho na ufuta. Katika utaratibu wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwa korosho mwaka 2007, zao hupimwa kwa mizani na kupangwa kwa madaraja, na bei hufuata daraja. Nje ya utaratibu huo kukawa na ununuzi wa kangomba, ambao mkulima mwenye njaa huuza kwa kipimo cha chombo kilichotungwa na mnunuzi mwenyewe. Mtazameni mnunuzi wa namna hii anavyoshika punje za mkulima. Hii ina doa, hii ina unyevu, hii imesinyaa. Jicho lake ni kali kama la mwewe. Lakini anapofika kwenye kipimo chake mwenyewe, jicho hilo hupofuka, na chombo kilichojaa mpaka kikamwagika huitwa kilo moja.

Mtu huyu ametajwa na Mwenyezi Mungu. Sura ya 83, iitwayo Al-Mutaffifin, imefunguliwa kwa kuwaonya watu ambao wakijipimia kutoka kwa wengine hudai kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Yatupasa tuangalie kuwa kinachopunguzwa katika kila kipimo huwa ni kidogo. Ni gramu chache, hata mkulima haoni. Lakini kidogo hicho ni haki ya mtu, na haki ya mtu haiitwi ndogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Hapa kaza. Hapa chunguza, hesabu na urudie. Hapa wasiwasi wako una thawabu, kwa kuwa gharama yake unailipa wewe na faida yake inamfikia mwenzako.

Ndugu wasikilizaji, mkiitazama mifano hii minne kwa pamoja mtaona kuwa aghalabu tumeigeuza juu chini. Katika maji, Kibla na matamshi, ambapo Mola amesamehe, sisi tumekaza. Katika mizani, ambapo Mola amekaza, sisi tumesamehe. Tena tumejisamehe wenyewe, hatukuwasamehe wengine.

Historia ya pwani yetu inatupa mfano wa mtu aliyeijua njia. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, ambayo ni mji wa jirani zetu upande wa kaskazini. Magofu ya Msikiti Mkuu wake yangali yamesimama Kilwa Kisiwani, na mwaka 1981 yalitiwa pamoja na ya Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sultani wa zama zile alikuwa Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake aliitwa Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ibn Battuta ameeleza kuwa siku moja ya Ijumaa, Sultani alipokuwa akitoka msikitini kurejea nyumbani, alisimamishwa njiani na fakiri mmoja wa Yemeni, ambaye alimwomba zile nguo alizozivaa. Sultani alikubali. Fakiri akazitaka saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akazivua zile na kumpa.

Fikirieni ni vijambo vingapi mtu mwingine angaliweza kuvitanguliza. Wewe ni fakiri wa kweli au wa uongo? Kwa nini nguo hizi na si nyingine? Njoo kesho kwa mtunza hazina. Maswali yote hayo yana sura ya busara, na kila moja lingalitosha kuizuia sadaka ile. Ibn Battuta ameeleza pia kuwa baada ya Sultani huyo kufariki, alimrithi ndugu yake Daudi, ambaye alikuwa kinyume chake. Akijiwa na mwombaji humwambia kuwa yule aliyekuwa akitoa amekwisha kufa. Neno moja la kukatalia lilimtosha.

Sasa tumalizie kwa kueleza namna ya kujipima. Mtu akihisi kuwa moyo wake umeshikwa na kijambo, na anataka kujua kama ni uaminifu au ni ukalifishaji, ajiulize mambo matatu.

Kwanza, je, jambo hili limetakiwa na Sheria, au ni mimi ninayelitaka? Ikiwa limetakiwa, kwa kiasi gani? Maana aliyeamrisha udhu ndiye aliyeruhusu mudi moja.

Pili, je, taabu yake inamwangukia nani? Ikiwa inaniangukia mimi ili mwingine apate haki yake, na nivumilie. Ikiwa inamwangukia mama anayebeba maji, mzee anayejifunza, au mfiwa anayelia, na niache.

Tatu, je, nikilisema jambo hili, kazi itasimama au itaendelea vizuri zaidi? Fundi anayesema ukuta umepinda wakati wa msingi ameisaidia nyumba. Anayesubiri paa liezekwe ndipo aseme, hakutaka nyumba. Alitaka kusema.

Hatuna budi pia kutaja jambo moja kwa huruma. Wako ndugu zetu ambao wasiwasi wao si ukaidi wala kiburi. Mtu anaosha mikono mpaka ngozi inachubuka, anajua kuwa inatosha, lakini hawezi kuacha. Anarudia takbira mara kumi huku machozi yanamtoka. Huyu hatumhesabu pamoja na wale wenye kuwakalifisha wengine, kwa sababu yeye ndiye aliyekalifishwa. Waganga wa hospitali wanaujua ugonjwa huu wa mawazo yenye kumlazimisha mtu kurudiarudia jambo, na una matibabu yake ya mazungumzo na ya dawa. Mtu wa namna hii asichekwe wala asipewe mawaidha makali juu ya makali. Apelekwe kwa tabibu, na hapo hapo aelezwe na mwenye elimu kuwa Sheria imempa ruhusa kuipuuza shaka yake. Kuipuuza kwake ndiyo ibada yake.

Ama sisi wengine, tumche Mwenyezi Mungu katika yale yaliyo makubwa, na tusiyakuze yale aliyoyafanya madogo. Tuwe wazito katika deni zetu na wepesi katika madai yetu. Mwalimu amsahihishe mwanafunzi wake kwa siri na kwa upole. Mnunuzi aikague mizani yake kabla ya kuikagua korosho ya mwenzake. Na anayetawadha ayaache maji yaliyobaki, kwa kuwa nyuma yake yuko mtu anayengoja.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe lililo kubwa kuwa ni kubwa, utuwezeshe kulitenda, na utuonyeshe lililo dogo kuwa ni dogo, utuwezeshe kulisamehe. Uwaponye walioshikwa na wasiwasi, uwarudishe misikitini walioondoka kwa aibu, na uziunganishe safu zilizotengana. Uibariki nchi yetu, mvua zake na mazao yake. Amin.